Hugo na Jane: Penzi Lililozaliwa Kazini

Msomaji wangu, hebu chukua simu yako utafute picha moja uliyopigwa na mtu anayekupenda. Utaitambua tu. Pengine nywele hazijachanwa, pengine umeshika sufuria, lakini kuna kitu pale ambacho picha ya studio haina. Aliyekupiga alikuwa anakuangalia wewe.

Kitu hicho kimejaa tele kwenye filamu inayoitwa Jane, iliyotoka mwaka 2017. Anaonekana dada wa Kiingereza, kaptura ya kaki, nywele kazibana nyuma, anapanda milima, anaosha nywele kijitoni, anageuka anacheka, halafu anaona haya. Msitu wenyewe ni wa kwetu, Gombe, Kigoma. Dada ni Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe mtu. Aliyeshika kamera humwoni isipokuwa mara moja moja, lakini kila picha inakwambia alivyozimika.

Filamu hiyo iliongozwa na Mmarekani Brett Morgen, ila hazina yake ni mikanda ya zaidi ya saa 100 iliyokuwa imelala kwenye maktaba ya National Geographic mpaka ilipoibuliwa mwaka 2014. Mikanda hiyo aliipiga Mholanzi mmoja, Hugo van Lawick, miaka ya 1960. Baadaye akawa mwongozaji mkubwa wa filamu za wanyamapori, akaishi Tanzania mpaka siku ya kufa kwake, akazikwa hapa hapa. Huyo ndiye nataka tumzungumze mwezi huu, yeye na kamera yake na ndoa yake.

Nilimbeba hadi Ngara

Toleo hili tulipanga liguse ndoa za mbali, na kama kuna pembe ya nchi inayozijua ndoa za mbali ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Mwalimu kapangiwa Ngara, mume yuko Dodoma. Kijana wa uwakala wa forodha anashinda Rusumo au Kabanga, mchumba yuko Mwanza. Ukifika pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo, barabara zinakokutana, malori yamepangana usiku mzima na kila dereva ana mtu anamsubiri mahali fulani. Barabara moja inakwenda moja kwa moja Kibondo, Kasulu hadi Kigoma, kwa hiyo hata Gombe si mbali na watu hawa kama ilivyo mbali na sisi wa Dar.

Basi nikaichukua filamu kwenye kompyuta yangu. Jioni moja, Ngara mjini, tukakaa kwenye sebule ya nyumba ya wageni, watu kama tisa hivi, wengine na wenzi wao, wengine wenzi wao wako kwenye simu. Nilitegemea tuzungumze sokwe kidogo, mapenzi zaidi. Sokwe hawakuzungumzwa kabisa! Filamu ilipoisha, muuguzi mmoja aliyekuja kutoka Biharamulo akauliza swali moja tu: "Sasa hapo nani alitakiwa amfuate mwenzake?"

Swali hilo si la filamu, ni la kwake. Mume wake ni dereva wa watalii, kambi yake Arusha, wiki nzima yuko Serengeti. Yeye ndio kwanza kakabidhiwa wodi. Mume anataka aombe uhamisho. Nikaona niwasimulie vizuri habari ya Hugo na Jane, maana filamu inapita haraka pale panapouma.

Kijana na kamera yake

Hugo hakuzaliwa Uholanzi. Alizaliwa Surabaya, Indonesia ya leo, tarehe 10 Aprili 1937, wakati huo ni koloni la Waholanzi. Kwao walikuwa na cheo cha Baron, kwa hiyo jina lake kamili lina urefu wa gari moshi. Baba yake, rubani wa kijeshi, alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, na mama akahangaika na wanawe nchi hii na ile, Australia, kisha Uingereza, ndipo wakafika Uholanzi baada ya vita. Nadhani mtoto aliyehamishwa hivyo hujifunza mapema kutazama kabla ya kusema. Hayo ni mawazo yangu, Hugo mwenyewe sikumjua.

Alipenda wanyama na alipenda kamera, akatafuta kazi ya kuviunganisha. Akaja Afrika Mashariki akiwa na miaka ishirini na ushee, akafanya kazi na Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa wanatengeneza vipindi vya wanyama vya televisheni wakiishi Kenya. (Ona, hata ajira yake ya kwanza huku aliipata kwa wanandoa wanaofanya kazi pamoja.) Huko ndiko Louis Leakey, yule mtafiti maarufu wa mabaki ya binadamu wa kale, alipomjua.

Leakey ndiye aliyekuwa amempeleka Jane Gombe, Julai 1960, msichana asiye na shahada hata moja, akiwa na mama yake mzazi na mpishi. Ndani ya miezi michache Jane akamwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani kwenye kichuguu, akivua mchwa na kula. Akamwona pia akipukutisha majani ya kijiti ili kimfae kazi hiyo. Wataalamu wakati huo walikuwa wanafundisha kwamba anayetengeneza zana ni binadamu peke yake. Unaweza kufikiria walivyomwamini msichana huyo kwa maneno matupu. Ilihitajika picha.

Jane hakutaka mpiga picha. Aliogopa mgeni atawafukuza sokwe aliowabembeleza kwa miezi. Mwaka 1961 akaletwa mdogo wake, Judy, ajaribu kamera, picha hazikutosha. Mwaka 1962 National Geographic wakamleta Hugo. Anapanda ile milima mikali ya Gombe na mzigo wa kamera, mguu wa kamera na makopo ya filamu, jua linawaka, kisha anakaa saa nyingi akisubiri mnyama ambaye pengine hatokei. Kazi hiyo ukiipenda kwa sababu ya sifa, siku ya tatu unarudi kwenu.

Wakati huo David Greybeard alikuwa ameshazoea kambi, anakuja kuchukua ndizi, wenzake wakamfuata. Kwa Hugo ikawa neema, sokwe wanakuja mbele ya kamera wenyewe. Ndizi hizo zimelalamikiwa sana baadaye, na kwa haki, maana ziliwakusanya sokwe mahali pamoja na ugomvi ukaongezeka, mpaka ikabidi zipunguzwe. Lakini ndizo zilizotupa zile picha.

Harusi yenye sokwe juu ya keki

Watu wawili vijana, ziwa mbele, msitu nyuma, wote wawili wazimu wao mmoja. Unategemea nini? Penzi likakolea. Hugo alipoondoka akatuma posa kwa telegramu, Jane akakubali. Walifunga ndoa London tarehe 28 Machi 1964, juu ya keki pakiwa na sanamu ya sokwe na ukumbini picha kubwa za sokwe alizozipiga bwana harusi. Dada zangu mnaosumbuana na wapambaji kuhusu rangi ya vitambaa, mpo?

Fungate lenyewe lilikatizwa. Zilifika habari kwamba Flo, yule mama sokwe wao kipenzi, kajifungua. Maharusi wakafunga mizigo wakarudi Gombe kumwona mtoto, akaitwa Flint. Pale sebuleni Ngara hapa ndipo wanawake walipocheka na wanaume wakatingisha kichwa. Mimi napaona kama ufunguo wa kila kitu. Hawa wawili hawakuacha fungate ili kila mmoja aende kazini kwake. Walikimbilia kitu kimoja.

Desemba 1965 televisheni ya Marekani ikaonyesha filamu ya picha za Hugo, Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, sauti ya msimulizi ikiwa ya Orson Welles. Jane akawa jina la dunia nzima. Wakafanya mengine pamoja. Huko Serengeti waliwaona tai wakirusha mawe kupasua mayai ya mbuni, wakaandika habari hiyo mwaka 1966 kwenye jarida kubwa la sayansi la Nature. Mwaka huo huo polio ikawaingia sokwe wa Gombe, wakahangaika kuwapa chanjo kwa kuificha ndani ya ndizi. Mwaka 1967 wakapata mtoto wao wa kiume, aliyebatizwa jina la utani Grub. Kwa kuwa sokwe huwinda na wanaweza kumdhuru mtoto mchanga wa binadamu, walimtengenezea kizimba cha kulala. Wazazi ndani ya msitu, mtoto ndani ya kizimba. Watu waliwasema sana, ila mtoto alikua salama.

(Kwa wasomaji wa Biharamulo: miaka hiyo hiyo, kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya waliachiwa kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, upande wa Chato, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya yenu. Vizazi vyao wapo mpaka leo. Kwa hiyo sokwe si wa Kigoma peke yao.)

Nani amfuate nani?

Sasa tufike panapouma. National Geographic wakaona wamepata picha za kutosha za Gombe, fedha za Hugo za kupiga sokwe zikakoma. Mpiga picha bila fedha ya filamu ni sawa na dereva bila gari. Yeye kazi yake ikawa Serengeti na Ngorongoro, kwa fisi, bweha na mbwa mwitu. Jane alikuwa na kituo cha utafiti Gombe, wanafunzi, na kumbukumbu za kila siku ambazo zikikatika zimekatika. Kwa muda wakajaribu kuwa kote kote. Kitabu chao Innocent Killers cha mwaka 1970 ni matunda ya miaka hiyo. Lakini taratibu yeye akawa anabaki nyikani na mama anarudi ziwani. Mwaka 1974 wakapeana talaka.

Hakuna aliyefumaniwa, hakuna aliyempiga mwenzake kofi hadharani. Ndiyo maana habari hii inawasumbua watu kuliko zile za magazeti ya udaku. Ukimtafuta mkosaji humpati.

Pale Ngara wanaume karibu wote walisema Jane angemfuata mumewe. Wanawake wakasema Hugo angebaki, angefungua hata studio Kigoma. Kijana mmoja wa forodha akasema, "Studio ya kumpiga picha nani mwaka 1970, dagaa?" Kicheko. Muuguzi wa Biharamulo hakucheka.

Mimi nina maoni yangu. Wengi tunalaumu umbali, lakini Hugo na Jane hawakuanza kuachana siku mmoja alipopanda ndege kwenda Serengeti. Penzi lao lilijengwa kwa kutazama kitu kimoja, sokwe wale wale, kutwa. Kila mmoja alipopata kitu chake cha kutazama, chumba walichokuwa wanakutania kikafungwa, na hawakuwa wamejenga kingine. Wapenzi wa kazini tuko wengi siku hizi, benki, hospitali, mashirika. Jiulizeni jioni moja, kazi ikiwekwa pembeni mtazungumza nini mpaka saa nne usiku?

Ngara wanalijua hilo tangu 1994. Mwisho wa mwezi Aprili mwaka ule watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 tu, kambi ya Benaco ikawa mji. Mashirika yakafurika, na pamoja nayo vijana wenye mishahara ya dola na mikataba ya miezi sita sita. Mapenzi yakafurika pia. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na mapenzi mengi yakafungwa pamoja na mahema.

Mzee mmoja mwenye duka pale Benaco, nilipomwamkia na kumweleza nilichokuja kuandika, akamwita mkewe kutoka nyuma. Walikutana kambini, yeye mtunza ghala, mkewe mkalimani, wakaoana mwaka 1995. Kazi ilipokwisha shirika likampeleka mzee Congo. Mama akabaki, akafundisha shule ya msingi. Miaka minne. "Siku hizo simu hakuna, mwanangu," mama akaniambia. "Barua inakuja na lori. Mabasi yenyewe njia ya Biharamulo yanasindikizwa na polisi wenye bunduki." Nikamuuliza walishindaje. Akamtazama mumewe, akasema, "Nilimwandikia kwamba watoto wanamwita baba mtu wa kwenye picha. Akarudi." Mzee akajifanya anapanga sabuni.

Miaka 30 ndani ya hema

Hugo hakurudi. Alikaa Ndutu, pale Serengeti na Ngorongoro zinapopakana, kwenye kambi ya mahema, miaka karibu 30. Alioa tena mwaka 1978, ndoa hiyo nayo ikavunjika 1984. Kama ulikuwa unatafuta ushahidi kwamba nyika ilikuwa mke mkubwa, ndio huo.

Lakini kazi aliyoifanya humo, jamani! Filamu yake ya mbwa mwitu ya mwaka 1973 inamfuata Solo, kitoto cha mbwa mwitu kilichobaki peke yake kwa sababu mama yake alikuwa anaonewa na jike mkubwa wa kundi. Kanuni ya wapiga picha wa wanyama ni kutoingilia. Hugo aliingilia. Alikiokota kile kitoto kilipokuwa kinaachwa kife, akakitafutia kundi lingine. Kuna wanaomlaumu hadi leo. Mimi namsamehe.

Mwaka 1996 ikatoka The Leopard Son, hadithi ya chui mdogo akijifunza kuishi bila mama yake, ya kwanza kutengenezwa na Discovery kwa ajili ya majumba ya sinema. Chui ni mnyama wa kujificha. Kumpata akiwa amelala tu ni bahati, sembuse kumfuatilia mpaka anakuwa mtu mzima. Miaka miwili baadaye akatoa Serengeti Symphony, ambayo haina msimulizi kabisa, ni picha na muziki tu. Tuzo za Emmy alizipata nyingi. Na pale kambini alifundisha vijana wengi wapiga picha ambao leo majina yao unayasoma mwishoni mwa filamu za wanyama.

Hapa nina kadonge kooni. Filamu hizo zimeijenga Serengeti duniani, mtalii anatua KIA akiwa ameshaiona sebuleni kwao. Biharamulo na Ngara nao tangu mwaka 2019 wana hifadhi, Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, imeunganishwa kutoka mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Wanyama wake waliwindwa vibaya miaka ya wakimbizi na sasa wanalindwa. Hugo wake bado yuko wapi? Vijana wa pale niliozungumza nao wana simu zenye kamera nzuri kuliko ile aliyopanda nayo milima ya Gombe. Saa za kusubiri ndizo hawana, na wala siwalaumu, kusubiri nako kunataka mtu wa kukulipa.

Mapafu ndiyo yaliyomtoa Hugo nyikani. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1998 akaihama kambi yake, akaenda kuishi na mwanawe Dar es Salaam. Alifariki huko tarehe 2 Juni 2002 akiwa na miaka 65. Wakamrudisha Ndutu, wakamzika pale ambapo hema lake lilikuwa.

Jane naye, mwaka mmoja baada ya talaka, aliolewa na Derek Bryceson, mbunge na mkurugenzi wa hifadhi zetu za taifa. Saratani ikamchukua mwaka 1980. Hakuolewa tena. Na Hugo walibaki marafiki, kazi zao zikiendelea kukutana. Filamu ya People of the Forest ya mwaka 1988, inayosimulia miaka 20 ya familia ya Flo, ni ya Hugo, na haiwezekani bila utafiti wa Jane. Jane alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, bado yuko safarini akihutubia watu.

Muuguzi wangu wa Biharamulo alinipigia simu nikiwa nimesharudi Dar. Mume wake anapitaga Ndutu na wageni, lakini hakuwahi kujua habari ya mwenye kaburi lile. Kamsimulia yote. Nikamuuliza kuhusu uhamisho. Akasema bado hawajaamua, ila sasa wameanza kulizungumza, na mume ameomba siku 10 za likizo aje Biharamulo, aione hiyo wodi.

Jane aliiona ile filamu ya 2017 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, na ameeleza mara kadhaa kwamba katika filamu zote zilizotengenezwa juu yake, na ni nyingi kweli, hiyo ndiyo iliyomrudisha kwenye siku zile za Gombe. Hugo alikuwa ameshalala Ndutu miaka 15.